Kikapu Mgongoni mwa Rachael

Kikapu kilikuwa mgongoni mwa mtu mwingine. Chepchirchir alikiona alipotoka jikoni na birika la chai mkononi. Ni kile kikapu cha mianzi cha mama yake, chenye mikanda iliyokatwa kutoka kwenye mpira wa gurudumu la baiskeli, kilichoning'inia msumarini ghalani karibu muda wote tangu mama aache kazi ya kampuni. Sasa kilikuwa kimekaa juu ya mgongo wa Rachael kana kwamba hakijawahi kujua mgongo mwingine. Mama alikuwa nyuma yake, anauvuta mkanda wa kulia kwa meno, maana kidole gumba chake cha kushoto hakikunjiki tena.

"Usisimame kama askari," mama alisema. "Legeza kiuno. Kikapu kinabebwa na kiuno, mabega yanasindikiza tu."

"Hivi, Mama?"

"Ehe. Sasa umekuwa mtu."

Chepchirchir aliliweka birika juu ya kigoda kwa kishindo. Chai ikaruka kutoka mdomoni mwa birika ikamwagika kwenye nyasi. Hakuna aliyegeuka.

Kikapu kilimuuma, lakini neno lile lilimuuma zaidi. Siku ya kwanza Rachael aliingia katika boma hili kwa adabu zote za mgeni, akimwita mwenye nyumba "Mama Chepchirchir". Siku ya tatu jina la mtoto lilikuwa limeshadondoka mahali fulani kati ya zizi na jiko, likabaki "Mama" tupu. Na mama hakusahihisha. Mama aliitikia.

Wasichana hao wawili walikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, wakisomea maigizo na ngoma. Mhadhiri wao, Bwana Mageto, mtu mfupi wa upande wa Kisii aliyevaa kofia hata darasani, alikuwa na dharau kubwa kwa michezo ya wafalme na malkia. Alitaka wanafunzi wake watafute mtu aliyedhulumiwa ambaye hakuna gazeti lililomwandika, wakalale kwake wiki nzima, wale anachokula, warudi na habari zake zikiwa ndani ya miili yao. Alikuwa na masharti mawili na hakuyalegeza kwa mtu. La kwanza, mchezo uchezwe mbele ya mwenye habari na majirani zake kabla haujaonwa na mtu mwingine yeyote, ili kama una uongo wao wawe wa kwanza kuuona. La pili, kwa kuwa wanafunzi walikwenda wawili wawili, mwenye habari ndiye achague nani atacheza. Atakayeachwa apige ngoma na kusimulia.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Baada ya mahafali, Mageto alikuwa anaunda kikundi cha kuzunguka na michezo hiyo mwaka mzima, Kericho na Bomet yote, kwenye vituo vya chai na masoko. Alitaka wachezaji sita. Wapiga ngoma alikuwa nao tayari.

Kwa hiyo Chepchirchir alipotaja nyumba ya mama yake, kando ya barabara ya Sotik, alikuwa na lake moyoni. Mama, Esnah kwa jina, alichuma chai kwenye mashamba ya kampuni miaka ishirini na miwili, hadi mashine za kuchumia zilipoletwa. Nani angechaguliwa kuuvaa mwili ule kama si mtoto aliyetoka ndani yake?

Mageto alifika siku ya nne kwa pikipiki, akakaa kwenye kigoda, akanywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akabaki na masharubu meupe, akauliza swali lake. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Rachael," alisema.

"Rachael?" Chepchirchir alicheka, kicheko kikakwama njiani. "Mama, yeye hata chai na michongoma hawezi kutofautisha."

"Atajifunza."

"Lakini mimi ni mtoto wako."

"Najua wewe ni nani," mama alisema, akapuliza makapi. "Yeye ndiye aliniuliza."

Mageto akaandika jina.

Darasani walikuwa wamefundishwa kutafuta hisia ndani ya mwili, kwamba kila moja ina chumba chake, na mchezaji mzuri hujua hofu inakaa wapi na aibu inalala wapi. Chepchirchir alikuwa ameutafuta wivu kwa miaka mitatu bila kuupata, akaigiza kwa kukunja uso tu. Wiki hiyo aliupata. Ulikaa kwenye taya. Ulikuwepo asubuhi kabla hajafumbua macho, meno ya juu yakiwa yameyakalia ya chini, na ulikuwepo mezani alipomwona mama akimmegea Rachael ukoko wa ugali. Ukoko huo tangu utotoni ulikuwa wake.

Lililomtesa ni kwamba Rachael hakuwa mtu mbaya. Alikuwa binti wa Muturi, mwenye duka la nafaka pale Chepseon. Amekulia juu ya magunia ya mahindi, mcheshi, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza alitazama mabonde ya kijani akauliza kama yote hayo yalipandwa na watu. Toka hapo hakuacha kuuliza. Mvua ikiwanyeshea shambani, mlifanyaje? Choo kilikuwa wapi? Ukiwa na mtoto mchanga nani alimshika? Huyo nyapara Kipngeno alikuwa anawaitaje, kwa jina au kwa namba? Chepchirchir aliyasikia maswali hayo kutoka chumba cha pili na akayaona ni ya polisi. Mama aliyajibu. Aliyajibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwa sababu Rachael hakujua Kikipsigis, na labda katika lugha isiyo ya nyumbani mambo yale yalitoka kwa wepesi, kama mtu anayesimulia habari za jirani aliyehama. Wakati mwingine walicheka. Wakati mwingine walinyamaza kwa muda mrefu, na hicho ndicho kilichomfanya Chepchirchir akaongeze sauti ya redio.

Yeye mwenyewe hakuwa ameuliza chochote, maisha yake yote. Alikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu, mama alipoacha kazi. Alirudi likizo akaambiwa "nimepumzika", akakubali, akaomba viatu vipya vya shule. Alipoingia chuo, kwenye fomu mahali pa kazi ya mzazi aliandika "mkulima", kwa kuwa wana kaeka kamoja ka chai na ng'ombe wawili na hakuna angemwita mwongo. Halafu muhula ule wa kwanza mama alimtembelea. Alikuja na parachichi na unga wa wimbi ndani ya kikapu hichohicho, amekibeba mgongoni kutoka stendi, maana hakujua kukibeba namna nyingine. Chepchirchir alimwona kutoka mbali, getini, akitazama huku na huku. Alimkimbilia. Akampeleka nyuma ya kibanda cha mboga ambako hakuna mwanafunzi aliyepita, wakanywa soda hapo wakiwa wamesimama. Mama alisifu majengo. Hakurudi tena chuoni, na hakuwahi kusema kwa nini.

Ijumaa walifanya mazoezi ya mwisho nyuma ya zizi. Chepchirchir alikuwa na ngoma kati ya magoti. Mama alikuwa amekwenda kukata nyasi za ng'ombe.

Rachael aliweka ufito juu ya majani, ule ufito mrefu mwepesi unaomwonyesha mchumaji achume kuishia kimo gani, akaanza. Mikono ilitangulia, halafu kiuno kikaifuata. Alichuma, akarusha nyuma ya bega bila kutazama, akasogeza ufito, akachuma. Ilikuwa nzuri. Chepchirchir alitaka iwe mbaya, akaitafutia ubaya kila mahali, kwenye nyayo, kwenye shingo, na kila mahali alikutana na mama yake. Hata kile kidole gumba kisichokunjika kilikuwepo.

Kisha Rachael akavua kikapu. Akakiweka chini, kimejaa majani mabichi ya kutoka kwenye kaeka kao. Akavua kiatu cha kulia. Akainua mguu, akauingiza ndani ya kikapu, akakandamiza. Mara moja. Mara ya pili, na uzito wote wa mwili.

Mkono wa Chepchirchir ulibaki hewani juu ya ngoma.

Katika nchi ile mtoto huambiwa jambo hili kabla hajafundishwa kusalimia wazee: majani ya chai hayashindiliwi. Jani likibanwa linapata joto, linageuka jekundu kabla lori halijafika kiwandani, na karani wa mizani akiliona anakurudishia kikapu mbele za watu, utembee nacho hadi nyumbani ukiwa umeinamisha kichwa. Chepchirchir aliwahi kuchapwa kwa kukalia tu gunia la majani. Na huyu hapa alikuwa anashindilia chai kama anavyoshindilia mahindi ya baba yake gunia lipate kujaa.

"Hapo maneno yanaisha," Rachael alisema akihema. "Mama amesema hapo nisiseme kitu. Wewe punguza ngoma, halafu uache kabisa. Unaonaje?"

Chepchirchir alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi, halikuhitaji hata kuelezwa. Lakini nyuma ya neno hilo aliiona kesho: wanawake wa kituo cha kupimia chai wameshika mbavu, Mageto anainua kalamu, na mama, mama hasa, akigundua kwamba aliyemkabidhi mwili wake hajui hata kubeba jani.

"Iko sawa," alisema.

"Kweli? Kama kuna kitu niambie, Chichi. Wewe ndiye mwenye chai."

"Nimekwambia iko sawa. Usibadilishe kitu."

Rachael alimtazama kidogo, akaanza kufunga kamba za kiatu.

Jumamosi alasiri watu walijaa kwenye banda la kupimia majani. Lori lilikuwa limekwishaondoka. Wanawake walikuja na gambuti zao na miavuli, wengi wao wa rika la mama, waliowahi kuchuma naye kwa kampuni. Kipngetich, karani wa kituo aliyehamia mwaka huo, alikaa juu ya mizani yake kama mwenyekiti wa mkutano.

"Ati huyu Mkikuyu wa Chepseon ametuletea chai tuione," alisema Cheptoo, jirani yao, mama mnene asiyejua kunong'ona. "Na sisi tutaenda lini kwao tuwaonyeshe mahindi?"

"Mkija, Mama, mje na magunia," Rachael alimjibu. "Kwetu hatupimi kwa macho."

Wakacheka. Walimpenda papo hapo, na taya la Chepchirchir likakaza.

"Esnah," Cheptoo aliendelea, "kumbe ulipata binti mwingine na hukutuita kwa chai?"

"Wa kwanza yuko pale," mama alisema. "Ana shughuli na ngoma."

Chepchirchir akapiga. Akasimulia sehemu yake, maneno aliyopewa kwenye karatasi: saa kumi na moja asubuhi, baridi, aproni ya plastiki iliyolowa, namba unayoitwa badala ya jina. Aliyasema vizuri, alikuwa na sauti. Lakini hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikuwa kwenye ule ufito, na kwenye mikono inayoruka nyuma ya bega.

"Angalia huo mkono," mwanamke mmoja alisema. "Huo ni wa Esnah kabisa."

"Hadi kidole."

Ikafika pale. Rachael akavua kikapu. Chepchirchir akapunguza ngoma, akajiandaa usoni, akachagua mapema namna atakavyoonekana kushangaa na kusikitika. Mguu ukapanda. Mguu ukaingia.

"Hayo narudisha," alisema Kipngetich kutoka juu ya mizani, akacheka.

Kicheko hicho kilitoka peke yake, kikatafuta mwenzake katika umati, kisimpate, kikafa. Cheptoo, asiyejua kunong'ona, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Rachael akakandamiza mara ya pili, na sauti ya majani yakivunjika ilisikika hadi nje ya banda.

Chepchirchir alimtafuta mama yake. Mama alikuwa amesimama penye nguzo, mikono ameifunga ndani ya leso. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka kidogo kutoka ardhini, kidogo sana, na yeye mwenyewe hakujua.

Cheptoo akainama. Akavuta gambuti moja kwa shida, akaiacha imelala, akaingia uwanjani na soksi yenye tundu. Akaushika mkono wa Rachael asianguke, akauingiza mguu wake kando ya mguu wa msichana.

"Ilikuwa bloku ya kumi na nne," alisema, si kwa mtu fulani. "Kipngeno ametuambia tupime hii ya mwisho, turudishe aproni, twende. Mashine zilikuwa zimeshasimama pale barabarani zinatungoja tutoke. Esnah ndiye alianza. Mimi nilikuwa wa tatu."

"Mimi wa sita," sauti ikatoka nyuma.

"Mimi nililia kwanza, halafu nikakanyaga," mwingine alisema, na hapo wakacheka, kicheko chenye maji ndani yake. "Kumi na moja tulikuwa. Vikapu kumi na moja, vyote vyekundu."

"Na hakuna aliyesema ni nani alianza."

"Nani angesema? Esnah angenyimwa kibarua mpaka wajukuu."

Ngoma ilikuwa bado inalia. Chepchirchir alishangaa ni nani anayepiga, akatazama chini, akaona ni mkono wake. Akauzuia. Mama yake, aliyemchapa kwa kukalia gunia, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakurudishiwa hata jani moja, aliikanyaga kazi yake kwa mguu wake mwenyewe. Akarudi nyumbani akakamua ng'ombe, akamnunulia mtoto viatu. Na banda zima lilijua isipokuwa karani mgeni na yeye.

Mageto alikuwa amevua kofia. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Nyumbani, jua lilipoanza kuegemea upande wa Sotik, Chepchirchir alimkuta mama njiani kuelekea zizini na ndoo.

"Mama."

"Sema."

"Nilidhani amekosea."

Mama akasimama. "Nani?"

"Rachael. Jana, kwa mazoezi. Nilimwona akikanyaga. Nilidhani hajui."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mama alimtazama hadi ng'ombe akalia mara mbili. Hakukasirika. Chepchirchir angependa akasirike.

"Ungesema," mama alisema, "angekuambia."

"Basi niambie wewe. Sasa. Yote."

Mama alihamisha ndoo kutoka mkono huu hadi mwingine. Kwa nyuma ya macho yake palipita kitu, labda geti, labda kibanda cha mboga na soda iliyonywewa kwa kusimama, na kikaenda zake.

"Mimi nimeisema mara moja," alisema. "Mara moja imenitosha. Muulize Rachael."

Akaingia zizini. Maziwa yakaanza kulia kwenye bati.

Rachael alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya jiwe, mguu wa kulia ndani ya karai. Alikuwa anausugua kwa sabuni na kwa hasira. Kikapu kilikuwa kando yake, na majani ndani yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi kingoni.

"Haitoki hii," alisema. "Nimesugua mpaka ngozi."

Utomvu wa chai hautoki kwa sabuni. Chepchirchir alilijua hilo. Kwa dakika nzima alilijua peke yake, akiwa amesimama hapo, na taya lake. Kisha alikwenda kwenye ua akachuma limau, akalipasua kwa kisu cha jikoni, akapiga magoti mbele ya karai, akaushika ule mguu.

"Jana nilikuona," Rachael alisema polepole. "Ulitaka kusema kitu."

"Nilitaka."

Chepchirchir alikamulia limau vidoleni. Maji ya karai yalianza kuwa na rangi ya chai nyepesi.

"Asubuhi hiyo," Chepchirchir aliuliza, macho yake kwenye unyayo, "kulikuwa na mvua?"

"Si ni mamako? Hujui kweli?"

"Sijui."

Rachael aliegemea ukuta wa jiko. Akajiweka sawa, kama mtu anayetafuta mkanda wa kulia na wa kushoto kabla hajanyanyua mzigo.

"Haikuwa mvua," alisema. "Ni umande. Mama anasema ulikuwa mwingi mpaka wakadhani watapimiwa maji."

Neno lile, "Mama", lilimchoma Chepchirchir palepale lilipozoea kumchoma. Akaligeuza limau upande wa pili, akaendelea kusugua.

"Halafu?" aliuliza.